Jina Ambalo Halijachukuliwa

Maximilla: Haloo, Dorcas, uko peke yako hapo?

Dorcas: Haloo? Ni nani? Namba hii mbona ngeni.

Maximilla: Mtu anakuita kwa jina lako na bado humjui? Mke mwenzangu, nimekuwa mgeni kwako tangu lini?

Dorcas: Aa, bibi. Shikamoo. Mwidiwe.

Maximilla: Marahaba. Mwidiwe, mjukuu wangu. Huko Kasulu hamjambo?

Dorcas: Hatujambo. Kibondo je? Na hii simu ya—

Maximilla: Ya Shamsia, wa duka la njia panda. Yangu nimeiacha nyumbani juu ya kabati, karibu na ile picha ya babu yako. Hatujambo. Asubuhi kimenyesha kile kimvua cha kulowesha majani ya maharage tu, mizizi hakiifikii. [mkwaruzo] Hujanijibu. Uko peke yako?

Dorcas: Mansuri ameenda msikitini, alasiri hii. Nimebaki dukani na mashine ya fotokopi na kompyuta, basi. Kwani vipi?

Maximilla: Hakuna mteja hata mmoja?

Dorcas: Hakuna. Bibi, unanitisha. Unaumwa?

Maximilla: Siumwi. Nimekuja kununua sukari. Nimeona nikupigie, nikuulize habari za ile blogu yako. Ulipokuja Pasaka hukuwa umechagua bado. Ulikuwa unahangaika, hii au ile. Ile ya wodini, na ile nyingine ya spoti.

Dorcas: [anacheka] Ya wodini. Wodipresi, bibi. Na Blogspoti.

Maximilla: Ndizo hizo. Uliingia ipi?

Dorcas: Blogspoti. Mansuri alinishauri hiyo kwa mtu anayeanza. Ukiwa na barua pepe tu, umeshaingia. Ile nyingine sura yake nzuri, kali kweli, ila vitufe vingi, nikaona nitapotea humo. Hii unaandika, unabonyeza pa rangi ya chungwa, watu wanasoma. Fresh tu.

Maximilla: Watu gani?

Dorcas: Wowote.

Maximilla: Wowote wa Kasulu?

Dorcas: Wa popote, bibi. Dar, Ulaya, popote penye mtandao.

Maximilla: Na ng'ambo, je?

Dorcas: Ng'ambo ya wapi?

Maximilla: Ukitoka Manyovu ukavuka.

Dorcas: Burundi? Nako pia. Kwani mtandao unaulizwa kibali mpakani?

Maximilla: Haina mlango, basi.

Dorcas: Mlango upo, nao ni wewe unayechagua. Kuna sehemu inakuuliza: wasome wote, au wasome uliowaalika tu. Nikaweka wote. Sasa bibi, nikae naandika mpaka vidole viume, halafu nijifungie ndani nijisomee mwenyewe?

Maximilla: Sikulaumu. Mtu akipika hupenda chakula chake kiliwe. Na jina, umeipa jina gani?

Dorcas: Ah, hilo nilitaka nikuonyeshe ukija. Ni sapraizi.

Maximilla: Nionyeshe sasa hivi, kwa mdomo.

Dorcas: Bibi—

Maximilla: Dorcas. Nakusikiliza.

Dorcas: Nilijaribu "Simulizi za Bibi". Ikanijibu limeshachukuliwa. Nikaweka "Mapishi ya Bibi", nalo limechukuliwa. "Bibi wa Kibondo", hilo lilikubali, ila Mansuri akasema ni refu na halina ladha. Ndipo nikakumbuka babu alivyokuwa akikuita, siku zile akishakunywa pombe yake ya ndizi na moyo umelainika. Nikaliandika hilo. Likakubali hapo hapo, halijachukuliwa na mtu.

Maximilla: Lipi? Litaje.

Dorcas: Ndihokubwayo... Haloo? Bibi, upo?

Maximilla: Nipo. [mkwaruzo] Halijachukuliwa, umesema.

Dorcas: Ndivyo ilivyoniambia. Kwamba liko huru.

Maximilla: Lina mwenyewe, mjukuu wangu. Baba yangu alinipa baada ya kuzika watoto watatu waliozaliwa mbele yangu. Nipo kwa sababu yake, Mungu yule. Kwetu jina si la kuitia tu mtu akaitika. Jina ni neno zima limesemwa, na majirani wanalisikia. Tulipokimbia Burundi tukavuka mto, mwaka ule wa sabini na mbili, babu yako alisema majina ya kule tuyaache mtoni, na huku kila mtu aingie na la ubatizo. Nikawa Maximilla, mpaka kwenye cheti cha uraia ni Maximilla. Lile jingine alibaki nalo yeye, ndani ya nyumba, taa ikishazimwa.

Dorcas: Sikujua kwamba ni... Mimi niliona ni jina zuri tu. Samahani, bibi. Umekasirika?

Maximilla: Ningekuwa na nafasi ningekasirika. Hebu niambie, ndani yake umeweka nini? Maana nimekusimulia mengi mimi, nawe ulikuwa unanisikiliza huku unabonyeza bonyeza.

Dorcas: Uliyonisimulia yote. Kisima cha kule kilimani kwenu, Rugongo, na yale mawe mawili, moja la kutulia mitungi na moja la kuoshea miguu. Ua wa minyaa, unavyoanzia kwenye ule mti mkubwa, unashuka mpaka kijitoni, halafu unakata kona penye kaburi la babu yako. Na yule mtoto aliyekuwa anakufuata nyuma kisimani. Watu wanapenda vitu vya hivyo, bibi, kitu kimoja kimoja.

Maximilla: Na picha?

Dorcas: Moja tu. Uso sikuuweka, ujue, hilo nililifikiria. Ni mikono yako tu ukimenya maharage.

Maximilla: Wa kushoto unaonekana?

Dorcas: Yote miwili. Mpaka lile kovu la dole gumba, pale chungu kilipokuunguza. Picha imetoka safi sana, nuru ya mlangoni ilikuwa—

Maximilla: Ndiyo maana.

Dorcas: Ndiyo maana nini?

Maximilla: Subiri kidogo. [kwa mbali] Shamsia, mama, hebu simama hapo mlangoni unitazamie kibaraza changu. Bado amekaa? Haya, akinyanyuka uniambie. [karibu] Haloo.

Dorcas: Nani amekaa?

Maximilla: Nina mgeni.

Dorcas: Mgeni gani?

Maximilla: Amekuja kwa pikipiki, nyekundu, taa moja ya nyuma imevunjika. Mimi nilikuwa napembua mchele. Akavua kofia, mtu wa adabu kabisa, akanisalimu: mwiriwe. Umesikia?

Dorcas: Mwidiwe.

Maximilla: Hukusikia. Mwiriwe. Sisi wa huku ulimi unagonga, mwidiwe. Wa kule unateleza. Miaka yote hii mtu akinisalimu hivyo, najua ametoka wapi kabla hajakaa. Nikamwitikia kwa Kiha cha hapa hapa Kibondo, nikakikaza hasa, mwidiwe. Akatabasamu. Akaomba maji.

Dorcas: Labda ni mkimbizi, bibi. Tangu mwezi wa tano wanateremka Manyovu kila siku. Hapa stendi mabasi ya kambini yanapita yamejaa mpaka—

Maximilla: Mkimbizi hana kiatu cha kung'aa. [mkwaruzo] Nikampa maji. Kikombe anapokea, mimi hanitazami, anatazama mikono inayompa, huu wa kushoto. Akautazama kitambo. Tangu hapo nimeufunga ndani ya kitenge. Hata simu hii naishika kwa wa kulia.

Dorcas: Bibi, Mungu wangu. Amesema anataka nini?

Maximilla: Amesema anaitwa Nkunzimana. Huenda ni jina lake, huenda ni koti tu amevaa kwa safari. Anamtafuta bibi mmoja, Ndihokubwayo, wa kilima cha Rugongo. Anasema amesoma habari zake, akafurahi sana, akataka kumsalimu. Akazitaja zote, kisima, yale mawe, ua. Akauliza yule mtoto wa nyuma naye alikuwa nani, maana hakutajwa jina, na kama naye bado yu hai.

Dorcas: Bibi, kuna mtu aliandika.

Maximilla: Aliandika wapi?

Dorcas: Kwenye blogu, chini pale pana sehemu ya maoni. Aliandika kwamba naye asili yake ni Rugongo, kwamba nimemliza kwa kumbukumbu. Alikuwa msomaji wangu wa kwanza, bibi. Nilikuwa kila siku nafungua, hakuna mtu, hakuna mtu, siku hiyo nakuta mtu. Akauliza huyu bibi yuko wapi siku hizi, angependa kumletea salamu.

Maximilla: Nawe ukamjibu.

Dorcas: Nikamjibu.

Maximilla: Vipi?

Dorcas: Kwamba yupo Kibondo. Nyuma ya kanisa, nyumba yenye mlango wa buluu. Na mimi nipo Kasulu, karibu na stendi, akipita aje tuongee. Nilidhani... bibi, nilidhani ni mtu wa kwetu.

Maximilla: Ni wa kwetu. Usilie. Ni wa kwetu kabisa, hapo ndipo penye taabu. Nikamuuliza, baba, wewe Rugongo unakaa upande gani? Akasema wanakaa chini ya ule mti mkubwa, kuanzia mti mpaka kijitoni. Kwamba baba yake alipakuta patupu mwaka ule, akapalima.

Dorcas: Lakini hapo ni—

Maximilla: Hapo ni kwa baba yangu. Hakusema hivyo, wala mimi sikusema. Tukanywa maji.

Dorcas: Sasa anataka nini? Wewe hujawahi kudai hata mche wa ndizi.

Maximilla: Sijadai. Lakini kule, anasema, watu wa zamani wanarudi, wanakwenda baraza la ardhi, na anayerudi huulizwa mipaka. Asiyeijua hurudi alikotoka. Anayeijua hupewa. Na wazee wanaoijua wamebaki wachache. Halafu akasema neno moja, taratibu, anazungusha kikombe: Mungu akishawapumzisha hao, na watu wengine nao watapata usingizi.

Dorcas: Amesema hivyo?

Maximilla: Hivyo hivyo. Akaongeza, kama bibi huyo alishafariki, yeye atatoa rambirambi arudi zake kwa amani. Akawa ananitazama. Alikuwa ananipa nafasi, Dorcas. Alitaka nimwambie amekufa.

Dorcas: Ukamwambia?

Maximilla: Nikamwambia chai bila sukari haifai kwa mgeni. Nikachukua kikapu, nikaja hapa.

Dorcas: Na mjomba Kipriani yuko wapi?

Maximilla: Yuko Nyabibuye kwenye mihogo yake. Harudi leo.

Dorcas: Basi usirudi nyumbani. Kaa hapo hapo dukani. Waite majirani, mwite balozi, polisi—

Maximilla: Niwaambie nini? Kuna mtu amekunywa maji kwangu akaniuliza jina? [mkwaruzo] ... -sikii?

Dorcas: Unakatika. Sogea.

Maximilla: Nimesogea hapa kwenye magunia. Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonitoa nyumbani, sukari nyumbani ipo. Amesema amekuona.

Dorcas: Mimi?

Maximilla: Amesema, nimempitia na mjukuu wake jana, binti mchangamfu. Nilitoa fotokopi kwake, hakujua mimi ni nani. Ndiyo maana nilikuuliza kama uko peke yako. Unamkumbuka?

Dorcas: Kofia ya kahawia. Alitoa kopi ya kitambulisho, moja tu. Akasema ahsante sana binti. Akaniuliza tunafunga saa ngapi, na mimi naelekea njia gani.

Maximilla: Ukamwambia?

Dorcas: Nikamwambia, bibi. Ni mteja.

Maximilla: Haya. Njia hiyo leo usipite. Mansuri akitoka msikitini mfunge duka pamoja, akupeleke kwa mama yake, Asmahani. Ulale huko, na kesho, mpaka nikuambie. Mama huyo hana maswali mengi, atakupa mkeka na wali. Umenielewa?

Dorcas: Nimeelewa. Naifuta sasa hivi.

Maximilla: Nini?

Dorcas: Blogu. Yote. Naingia sasa, subiri... modemu hii nayo. Inazunguka tu. Dah, leo ndiyo inazunguka.

Maximilla: Taratibu.

Dorcas: Siwezi taratibu. Mtu amekaa kibarazani kwako kwa sababu yangu. Haya, imefunguka. Neno la siri... nimekosea.

Maximilla: Kitu cha kuunguza hakishikwi kwa haraka. Dole gumba langu linajua. Vuta pumzi, andika tena.

Dorcas: Imeingia. Nipo ndani. Mipangilio... mengineyo... hapa. Futa blogu.

Maximilla: Shamsia anasema nini? [kwa mbali] Eeh? [karibu] Amenyanyuka. Amesimama kibarazani anatazama barabara.

Dorcas: Bibi, inaniuliza kama nina uhakika. Nibonyeze?

Maximilla: Ukibonyeza, mtu akilitafuta jina lile atakuta nini?

Dorcas: Hatakuta kitu. Itamwambia hakuna.

Maximilla: Hakuna.

Dorcas: Ndiyo.

Maximilla: Kama vile hakuwahi kuwepo.

Dorcas: Si ndicho tunachotaka? Bibi, nibonyeze?

Maximilla: Na yeye aliyeko kibarazani kwangu, ukifuta, atasahau? Mlango wa buluu atausahau? Kovu je? Na njia yako ya kurudi nyumbani?

Dorcas: Hapana, lakini—

Maximilla: Yeye ameshasoma. Ameshashiba. Sasa ukifuta, unamfutia nani?

Dorcas: Basi nihame. Niende ile nyingine, ya wodini. Nianze upya kwa jina lingine, mlango nifunge, wasome niliowaalika tu. Mansuri atanisaidia, hata leo.

Maximilla: Mimi nimehama vya kutosha, Dorcas. Nilihama kilima, nikahama jina. Babu yako akafa, ndiye pekee aliyekuwa bado ananiita, nikabaki kama mtu aliyekufa pamoja naye. Halafu unaniambia umeliandika mahali, na mtu wa popote anaweza kulisoma. Nilipolisikia kwa kinywa cha yule mgeni niliogopa. Lakini njiani nakuja hapa, katikati ya hofu hiyo, kuna kitu kingine kikawa kinanisukuma mgongoni. Nikakitambua nilipofika kwenye magunia haya.

Dorcas: Kitu gani?

Maximilla: Yule mtoto wa nyuma.

Dorcas: Wa kisimani?

Maximilla: Ana jina. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa anabeba kibuyu kidogo ananifuata, anakanyaga pale pale nilipokanyaga. Usiku wa kuvuka Malagarasi mtumbwi ulikuwa mmoja, tunavushwa kwa zamu, sisi kwanza na mama, yeye na wengine baadaye. Mtumbwi ulirudi kuwachukua. Haukuja tena. Mama alikaa kwenye mafunjo mpaka jua likapanda, watu wakambeba kwa nguvu.

Dorcas: Hukuwahi kuniambia. Mara zote nakuuliza mtoto huyo ni nani, unasema ni mtoto tu.

Maximilla: Kwa sababu mtu ukimtaja, unamngoja. [mkwaruzo] Na tangu mwezi wa tano, mabasi hayo unayoyasema, kila likipita barabara ya Kasulu nasimama nahesabu vitambaa vya vichwani. Kikongwe nahesabu vikongwe wenzangu. Mjomba wako alidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Dorcas: Bibi...

Maximilla: Kule kambini Nyarugusu vijana wana simu?

Dorcas: Wanazo. Wanakuja hapa kuchaji, wanakuja kuingia mtandaoni. Wengi.

Maximilla: Basi huenda kikongwe mmoja ana mjukuu kama wewe, anayebonyeza bonyeza wakati bibi anasimulia. Subiri. [kwa mbali] Umesema? [karibu] Ameiacha pikipiki. Anakuja kwa miguu huku dukani.

Dorcas: Bibi, toka mlango wa nyuma.

Maximilla: Kwa goti hili? Fungua pa kuandikia.

Dorcas: Unasema nini?

Maximilla: Pale penye rangi ya chungwa. Toka huko kwenye kufuta, fungua pa kuandika. Umefungua?

Dorcas: Nimefungua. Bibi, anafika—

Maximilla: Andika kwamba leo amekuja mgeni kwa bibi yako. Jina alilolitaja, pikipiki nyekundu, taa iliyovunjika, kofia ya kahawia. Maneno yake uyaweke kama nilivyokupa, na lile la usingizi. Mpaka sasa wanaojua amekuja ni mimi na wewe na Shamsia. Tuongeze wengine. Mtu aliyejificha hufa kimya kimya, mjukuu wangu, hata mbwa habweki.

Dorcas: Na atakaposoma? Si atakasirika?

Maximilla: Atajua kwamba tumemwona. Mtu aliyeonwa hutembea tofauti. Sikuahidi zaidi ya hapo.

Dorcas: Naandika. Mansuri huyo, amerudi... Mansuri, njoo, njoo ufunge mlango. Usiulize, funga. Bibi, amerudi, hatuko peke yetu.

Maximilla: Alhamdulillahi, kama wasemavyo wao. Sasa sikiliza la mwisho. Mdogo wangu alibatizwa Pasaka ya mwaka ule ule, tukakimbia kabla mvua hazijaisha. Kilimani hawakuwahi kulizoea jina lake jipya, walimwita la nyumbani tu. La ubatizo mgeni huyu halijui, wala baba yake hakulijua. Atalisoma apite. Atakayesimama ni mmoja.

Dorcas: Jina gani?

Maximilla: Nakupa. Ngoja, salio la Shamsia linalia. Na huyu hapa—

[Sauti ya mwanamume, kwa mbali: Mwiriwe.]

Maximilla: Mwiriwe.

Dorcas: Bibi. Bibi, umemwitikia vipi? Umemwitikia kwa—

Maximilla: Kwa ulimi wangu. Nao mkono nimeutoa, ngoja autazame vizuri. Karibu, mgeni, sukari ndiyo hii inapimwa, namalizia na mjukuu wangu. [karibu] Dorcas, umeshika kalamu?

Dorcas: Vidole viko juu, bibi. Sema.

Maximilla: Andika kwa herufi kubwa. Immakulata, nipo.